Neva za Kichwani Zinaanzia Kifuani

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, anatomia ya kichwa na shingo imenishinda, hasa neva za simpathetiki. Nimekariri zote, ila nikiulizwa zinapotea." Neva hizo ndizo zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru, kama kupanua mboni ya jicho na kutoa jasho. Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Ni mimi kabisa, mwaka wa kwanza.

Mtihani wa mdomo, swali moja tu: neva zinazopanua mboni ya jicho zinatoka wapi? Nikajibu upesi, "Kwenye ubongo, neva ya tatu." Lo! Neva ya tatu ndiyo inayobana mboni. Mtahini akafunga daftari, akasema, "Binti, umekariri, hujasoma." Nikafeli. Maneno yale yananichoma hadi leo, ingawa alisema kweli.

Nilikuwa naanzia kichwani kushuka, kumbe njia inapanda. Weka kidole juu kidogo ya mtulinga. Humo ndani ndimo ilimo ncha ya pafu, na nyuzi za neva hizi za simpathetiki hupita jirani nayo baada ya kutoka kwenye uti wa mgongo, sehemu ya juu kabisa ya kifua. Hupanda shingoni hadi ganglioni ya juu, yaani fundo la seli za neva, mbele ya pingili ya pili na ya tatu za shingo. Hapo hupokewa na nyuzi nyingine, nazo huzizunguka ateri za karotidi, mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, kama mtambaazi kwenye nguzo. Karotidi ya ndani huzifikisha kwenye mboni na kwenye msuli mdogo unaosaidia kuinua kope. Ya nje hubeba nyingi za zile zinazotoa jasho usoni.

Mwaka 1869 Johann Friedrich Horner, daktari wa macho wa Uswisi, alieleza mgonjwa ambaye kope lilimlegea na mboni ikasinyaa upande mmoja. Uvimbe kwenye ncha ya pafu unaweza kuleta hali hiyohiyo. Jicho linalegea, ugonjwa uko kifuani! Usiku nilipoelewa hilo sikulala.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chora. Ukimaliza, chora tena bila kitabu. Usiguse jina hata moja kabla hujaijua njia, na usimwonee aibu anayekucheka ukijipapasa shingo maktaba. Mgonjwa wako hatakuuliza majina. Chora!

Kwenye marudio nilimkuta mtahini yuleyule, na swali lilelile. Sikujibu haraka. Niliweka kidole juu ya mtulinga wangu, nikaanzia hapo.