Kwa nini timu inakataa adhabu kwenye futiboli ya Marekani

Mkuu umeuliza inakuwaje refa kashatupa kitambaa cha njano halafu timu iliyochezewa faulo yenyewe inasema haitaki adhabu, hapo hakuna uungwana wowote, ni hesabu tu. Faulo nyingi kule hazisimamishi mchezo, unaendelea mpaka mwisho ndo timu inachagua, ichukue adhabu au ibaki na matokeo, na kiukweli anayeamua ni kocha.

Mfano NFL, ligi kuu ya mchezo huo, timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, sasa chukulia ni jaribio la 3 zimebaki yadi 8, mshambuliaji kamshikilia mlinzi kinyume na sheria na pasi ikadondoka. Walinzi wakikubali adhabu wenzao wanarudi nyuma yadi 10 ila wanarudia jaribio la 3, wanatafuta yadi 18. Wakikataa, linakuja jaribio la 4 na yadi 8, na hapo wengi wanabutua tu mpira waukabidhi. Mimi ningekataa fasta, nikupe nafasi nyingine ya nini sasa?

Utamu wenyewe ni pale mlinzi akivuka mstari wa kuanzia mpira mapema na mchezo haujasimamishwa, kwotabeki (mrusha pasi wa timu inayoshambulia) mjanja akishaona kitambaa anarusha mpira mrefu bila woga, maana mpira ukinaswa na adui, timu yake inachukua yadi 5 za adhabu na kurudia jaribio, ikiwa tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) adhabu inaikataa.

Wakikosea wote wawili mara nyingi faulo zinafutana, jaribio linarudiwa. Na mshambuliaji akicheza kabla mpira haujaanzishwa usisubiri chochote, mchezo unakatwa palepale.