Jina, tarehe na mahali

Swali la wiki hii lilituuliza tuwaenzi vipi askari waliochukuliwa mateka vitani, pamoja na wale ambao mpaka leo hawajulikani walipo. Nikiandika kutoka Tabora, naona kwamba kabla ya gwaride na mashada ya maua, deni letu la kwanza kwao ni kutafuta jina la kila mmoja, tarehe na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kisha kuzifikisha habari hizo nyumbani kwao kwa lugha wanayoielewa.

Kaka yake babu yangu aliandikishwa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapangiwa mizinga. Barua yake ya mwisho ilitoka Mombasa mwanzoni mwa 1944. Baadaye wazee waliitwa bomani wakasomewa karatasi ya Kiingereza, ambayo karani aliifasiri kwa maneno mawili: amepotea baharini. Sasa, kwa Kiswahili cha nyumbani, aliyepotea si aliyekufa. Aliyepotea anaweza kubisha hodi usiku wowote. Mkewe hakukaa eda, kwa sababu miezi minne na siku kumi huhesabiwa tangu mume alipofariki, na siku hiyo hapakuwa na aliyeijua. Matanga hayakuwekwa. Fungu lake la shamba halikugawiwa, na watoto tulikatazwa kupanda mwembe uliokuwa humo, kana kwamba mwenyewe angekuja kuhesabu maembe yake.

Ukweli ulikuwapo, ila haukufika kwetu. Meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa imebeba watu zaidi ya 1,500, wakiwemo karibu elfu moja wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga kwa topido, nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao wengi walitoka huku kwetu Unyamwezi, walikumbukwa kidogo hata kuliko hao wa meli. Walikufa kwa maelfu kwa homa, kuhara na njaa, wakazikwa kandokando ya njia. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, imeandikwa ahadi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Lakini sanamu yenyewe haina jina la mtu hata mmoja.

Kuhusu mateka, nadhani tuna aibu isiyo na msingi, kwa sababu neno lenyewe katika lugha yetu lina harufu ya utumwa, na wapo wanaodhani kwamba askari aliyetekwa ni yule aliyeshindwa kupigana. Tabora ingepaswa kujua zaidi. Wajerumani walifungia hapa wamisionari wa Kiingereza na mateka wengine, hadi majeshi ya Wabelgiji yalipouingia mji tarehe 19 Septemba 1916. Mkataba wa Geneva wa 1949 unampa mateka haki ya kuandika barua nyumbani na kutaka jina lake lipelekwe kwa wanaotafuta waliopotea. Yaani hata sheria ya vita inatambua kwamba familia inahitaji habari.

Baada ya uhuru tumefanya vizuri zaidi. Waliokufa katika vita vya Kagera wana makaburi yao Kaboya, na waliofia Msumbiji wako Naliendele, na kila tarehe 25 Julai Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa. Hata hivyo aliyepotea hana kaburi la kuwekewa chochote. Kambi ya Watanzania wanaolinda amani iliposhambuliwa Semuliki, nchini Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, waliouawa walirudishwa wakaagwa, lakini askari mmoja alibaki akihesabiwa kuwa hajulikani alipo.

Wamarekani, ambao wana siku yao ya mateka na waliopotea kila Ijumaa ya tatu ya Septemba, huandaa meza ndogo yenye kiti kitupu, ua waridi, chumvi na kipande cha limau. Meza hiyo sioni haja ya kuiazima, sisi tuna mikeka yetu. Ninachokitamani ni ofisi yao ambayo bado inachimbua na kupima mifupa ya askari waliopotea miaka themanini iliyopita, na kuzipigia simu familia. Kwetu ingetosha, kwa kuanzia, kila kata isome majina ya watu wake tarehe 25 Julai, waliopotea wakitajwa pamoja na waliozikwa.

Mwaka 2019 ndugu yetu mmoja aliyeko Nairobi alikwenda kwenye makaburi ya vita ya huko, ambako upo ukumbusho wa Afrika Mashariki wa wasio na kaburi, akapiga picha na kuituma. Shangazi, aliyezaliwa baada ya meli ile kuzama, aliniomba nilikuze jina kwenye simu, akalifuata herufi kwa herufi kwa kidole, kisha akauliza ilikuwa tarehe ngapi. Nilimwambia. Khitma ilisomwa Ijumaa iliyofuata, na mwaka huo shamba likagawiwa.