Kodi ya jengo kwenye LUKU: maswali ya watu wa Tabora

Jamani, hii kodi ya jengo inayokatwa ukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, inasumbua watu kweli, siwezi kupita sokoni bila mtu kunivuta pembeni na simu yake anionyeshe meseji ya umeme aniulize mbona nimekatwa hivi. Nimekusanya maswali machache nayajibu hapa. Ila kabla hatujaanza lieleweni hili moja, maana ndo linabeba karibu majibu yote: kodi yetu saivi haiangalii nyumba yako ina thamani gani. Toka Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na nyumba za ghorofa za mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu moja, yaani 7,500 kwa mwezi. Kwa hiyo ukienda kulalamika usiende kusema nyumba yangu mbovu, nenda ukaonyeshe kwamba wameiandika sivyo. Hapo ndo unasikilizwa.

Nina nyumba moja ya vyumba sita hapa Cheyo, nimeweka mita mbili, moja yangu moja ya wapangaji. Zote zinakatwa kodi. Ni haki?

Hapana, sio haki. Nyumba ya kawaida ikiwa na mita zaidi ya moja kodi inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu. Ulivyo saivi unalipa 36,000 badala ya 18,000, na hiyo ya juu inaendelea kwenda kila mwezi wewe umekaa kimya. Andika namba za mita zote mbili, tafuta meseji za manunuzi zinazoonyesha makato, chukua karatasi ya umiliki uliyonayo, hati au mkataba wa mauziano, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa akupe barua kwamba hizo mita ziko kwenye jengo moja, alafu nenda TRA, mamlaka ya mapato. Wengi wanakosea hapa, wanakimbilia shirika la umeme TANESCO wanapigwa danadana. TANESCO anakusanya tu, anayesimamia kodi ni TRA. Ukifika waambie mita ipi ibaki na kodi, na mimi nakushauri ibaki ya kwako, ya wapangaji itolewe, maana ukiiacha kwa wapangaji kila mwezi mtagombana. Na omba maandishi kwamba umepokelewa, hata nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri inatosha.

Mwanangu, mimi nina miaka 67, naishi Ng'ambo kwenye nyumba yangu mwenyewe, sina pensheni. Nasikia wazee hatulipi, mbona mimi nakatwa?

Shikamoo mzee wangu. Umesikia sawa kabisa. Sheria inamsamehe mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwa ile nyumba anayoishi mwenyewe na haifanyii biashara. Shida ni kwamba mita haijui umri wa mtu, mpaka uende ukaseme. Beba kitambulisho cha taifa, barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba nyumba ni yako na unaishi humo, na namba ya mita.

Hili linaniuma kwa sababu bibi yangu lilimpata. Nyumba na mita vyote vilikuwa kwa jina la marehemu babu, kwa hiyo kila alipokwenda kwenye ofisi moja hapa mjini anaambiwa jina halifanani, rudi kesho, bibi wa watu anatembea na fimbo yake kwenye jua la Tabora mnalijua lilivyo, miezi inapita na hela inakatwa. Kilichotusaidia ni kwenda wajukuu wawili na cheti cha kifo cha babu na karatasi za mirathi. Kwa hiyo mzee, kama nyumba ina jina la mwenzio aliyetangulia, usiende mikono mitupu, na usiende peke yako, mtume kijana aende na wewe. Na wewe kijana unayesoma hapa, kamuulize mama yako leo mita yake ina jina la nani.

Mimi mpangaji Ipuli, kila mwezi nakatwa 1,500 kwenye umeme, nyumba si yangu. Nifanyeje?

Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, wewe unamlipia tu kwa sababu umeme unanunua wewe. Tunza meseji zote, mwisho wa mkataba zijumlishe umpelekee baba mwenye nyumba apunguze kwenye kodi ya pango, mwaka mzima ni 18,000. Mwambie kwa adabu mapema, mkiandikishana mkataba mpya iingie humo humo. Na usichanganye na makato mengine, VAT ya asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1 hayo ni ya umeme wako, hayo ni juu yako.

Jirani ana bangaloo la vyumba kumi na geti la umeme, mimi vyumba viwili, tunalipa sawa. Naweza kukata rufaa?

Kwa hoja hiyo hapana ndugu yangu, na nakuelewa kabisa inavyouma. Ile sheria ya mwaka 1983 ya kodi za majengo mijini ilikuwa na uthamini, kunakuwa na daftari la thamani na mtu ana pa kwenda kupinga thamani aliyopangiwa. Huu mfumo wa kiwango kimoja umekuja baadae, ni rahisi kukusanya ila hautofautishi kibanda na jumba. Mimi naona haumtendei haki mwenye vyumba viwili, lakini hapo wa kumwambia ni mbunge sio ofisa wa kodi, maana kiwango kimo ndani ya sheria.

Bibi yuko Uyui kwenye tembe ya udongo, tumemvutia umeme wa REA wa 27,000, sasa anakatwa kodi ya jengo.

Nyumba za udongo na za nyasi za kuishi zimesamehewa. Piga picha nyumba, kuta na paa vionekane vizuri, mtendaji wa kijiji aandike barua, peleka TRA. Na kama ameshafika 60 sema na hilo pia, anakuwa na sababu mbili.

Nyumba yangu ya chini imeandikwa ghorofa, nakatwa 7,500. Nimelalamika kwa mdomo mara tatu kimya. Hatua gani inafuata?

Acha mdomo, andika. Tofauti yako ni 6,000 kila mwezi, 72,000 kwa mwaka, sio hela ya kuachia. Pingamizi la kodi linaandikwa kwa Kamishna Mkuu wa TRA, na sheria inatoa siku 30 tangu upate makadirio au uamuzi unaoupinga, kwa hiyo usikae. Weka picha za nyumba pande zote, barua ya mtaa, na meseji za makato. Wakikukatalia kwa maandishi kuna Bodi ya Rufani za Kodi, unatoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45 toka upate uamuzi. Juu yake kuna Baraza la Rufani za Kodi, alafu Mahakama ya Rufani. Kwa nyumba ya kuishi sitegemei ufike huko, mara nyingi barua yenye picha inamaliza, ila siku zihesabu toka ile tarehe uliyosaini kupokea barua yao.

Nikishasamehewa kodi ya jengo, na ya kiwanja ndo basi?

Hapana, hiyo ni kodi ya pango la ardhi, iko wizara ya ardhi na inalipwa kwa namba yake ya malipo. Msamaha wa huku hauigusi.