Get tatu katika sentensi moja

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Tangu shule ya msingi najua get ni kupata. Sasa nimekutana na sentensi hii hadithini: "It's getting late, let's get going before we get caught." Nimeirudia, sioni kinachopatikana. Je, nikariri maana zote za neno hili? – Msomaji ninayejifunza peke yangu

JIBU: Marahaba. Usikariri. Mwalimu wako wa msingi hakukosea: neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, miaka 800 hivi iliyopita, likiwa na maana hiyo hiyo ya kupata. Mengine yameota baadaye, na ni mengi mno. Wewe tazama neno linaloifuata get, maana iko huko.

Late ni sifa. Get ikifuatwa na sifa, hali inabadilika: muda unakwenda. Kwetu kitenzi kimoja hutosha: get tired ni kuchoka, get old ni kuzeeka. Get going ni kuanza safari, yaani tuondoke. Caught ni umbo la tatu la catch, kwa hiyo get caught ni kukamatwa. Kazi inayofanywa na ile -w- yetu, hapo inafanywa na get. Ndivyo ilivyo get paid, kulipwa. Get married ni kuoa na ni kuolewa pia, Kiingereza hakitenganishi.

Ikifuatwa na mahali, ni kufika: get home. Ikifuatwa na mtu kisha to, sikiliza vizuri, maana hapa pana utamu. "I made him sign" ni nilimlazimisha atie saini. "I got him to sign" ni nilimbembeleza, nikamzungukia, mwishowe akakubali. Na "she got to work at eight" ni alifika kazini saa mbili, lakini "she got to work on the letter" ni aliianza kazi ya ile barua.

Gotten, umbo la tatu la get, utaikuta zaidi kwa Wamarekani. Kwao "I've got a car" ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Waingereza wengi hubaki na got.

Sasa hili lishike kuliko yote. Kupata kwetu kunasaidia mahali pengi: "I got to see him" ni nilipata kumwona, sawasawa kabisa, na mafua tunayapata kama wao. Lakini kwa kuwa tunapata ajali na tunapata mtoto, wanafunzi wangu wengi huandika "I got an accident" na "she got a baby". Mwingereza hapo hutumia have: I had an accident, she had a baby. Nasahihisha hili kila muhula, hata kwenye barua za kuombea kazi, na inaniuma kuona mtu hodari akipunguziwa alama kwa kitu kinachorekebishika jioni moja.