Rangi ya kinyonga kwenye chambo cha kuchonga: anza na weusi

Chambo changu cha kwanza cha rangi ya kinyonga, samaki bandia wa mti wa kuvulia, kilitoka cheupe kama uji. Kichupani rangi ilikuwa inacheza vizuri kabisa, ukiigeuza inatoka kijani inaingia buluu, ukiinamisha zaidi inakuwa zambarau. Kwenye mti ikawa maziwa yenye dalili ya kijani ukikodoa macho. Nikadhani sijaweka ya kutosha, nikapiga mkono wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Mistari ya magamba niliyoichonga kwa saa nzima ikafukiwa, na rangi haikuhama hata kidogo. Chambo kile bado ninacho kwenye droo ya vifaa, na sijawahi kukifunga kwenye mshipi.

Kosa lilikuwa chini. Kwa mazoea nilianza na msingi mweupe, maana rangi za kawaida hung'aa zaidi juu ya weupe. Hizi za kinyonga tabia yake ni nyingine. Ndani yake hamna rangi kwa maana tuliyoizoea, kuna vipande vidogo bapa, mara nyingi vya madini ya mika, vilivyovikwa utando mwembamba mno wa oksidi ya titani. Mwanga mwingine unarudi kutoka juu ya utando, mwingine unazama kidogo na kurudi kutoka chini yake, na ikikutana hiyo miwili kuna rangi inayopata nguvu na nyingine inayofifia. Ni mambo yale yale ya povu la sabuni, au mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Ukiinamisha chambo njia ya mwanga inabadilika, basi dhahabu inasogea kwenye kijani, kijani kwenye buluu, buluu kwenye zambarau. Sasa kuna mwanga ambao haurudi, unapenya hadi kwenye msingi. Ukikuta weusi unamezwa, kazi imekwisha. Ukikuta weupe unarudishwa juu na kuifuta ile rangi uliyoitaka.

Kwa hiyo msingi ni mweusi, tena mweusi wa kung'aa. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi siku hizi, kuliko kwenye rangi yenyewe. Mti nausugua kwa msasa namba 240, halafu 400, naupaka epoksi nyembamba, ile gundi inayokauka ngumu kama kioo, ili usinywe maji, ikishakauka nausugua tena kwa 600. Nyuzi za mti zina ujanja: ukipaka kitu cha kwanza chenye majimaji zinasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa, na usipozilaza kwa msasa zitaonekana hadi mwisho. Weusi ukikauka nakishika chambo chini ya balbu na kukizungusha polepole. Ile alama ya mwanga inatakiwa iteleze kutoka kichwani hadi mkiani bila kukatika. Ikitetemeka mahali, pana kibonde, na rangi ya kinyonga itakitangaza kibonde hicho kuliko rangi yoyote uliyowahi kutumia. Usijidanganye kwamba itaficha.

Kupuliza kwenyewe hakuna maneno mengi. Tikisa kichupa hasa, na uendelee kukitikisa katikati ya kazi, kwa sababu vile vipande ni vizito na hutulia chini haraka. Mdomo wa kifaa cha kupulizia usiwe mwembamba sana. Wangu wa milimita 0.2 uliziba mara tatu katika chambo kimoja, nikahamia 0.5 na kelele zikaisha. Puliza kama ukungu. Mkono wa kwanza utaona kama hujafanya kitu, na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu, mkono unakuwa mzito, rangi inachuruzika, vipande vinajipanga ovyo na unapata mabaka. Acha ikauke, rudia, mikono mitatu au minne inatosha. Na usiisugue rangi hii kwa msasa kati ya mkono na mkono. Nilifanya hivyo mara moja nikitaka ulaini, nikabaki na kijivu chenye mikwaruzo. Kama kuna vumbi limeingia, funika kwanza kwa vanishi, sugua vanishi. Na vaa barakoa ya kuzuia mivuke, hata kama ni chambo kimoja tu.

Kuhusu mahali pa kuiweka, mimi siipaki chambo kizima. Kinapendeza mezani, lakini kikiwa majini kinafanana na pambo. Mgongo na mbavu zinatosha, tumbo naliacha jeupe. Ubavuni natumia wavu mdogo, hata ule wa kusugulia mwili, naukaza juu ya weusi na kupuliza kupitia matundu yake. Ukiuvua, kila tundu limekuwa gamba linalobadilika na nyuzi zimeacha mstari mweusi kulizunguka. Mara ya kwanza nilipouvua wavu nilimwita kila mtu aliyekuwa nyumbani aje kuona, wakaja kwa heshima tu. Lakini kwa kweli hivyo ndivyo samaki wadogo wanavyong'aa, ngozini na kwenye magamba yao kuna fuwele za guanini zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na mwanga unacheza vile vile.

Umbo nalo lina neno. Ubavu bapa huonyesha rangi moja kwa wakati, wa mviringo unaonyesha mbili au tatu pamoja. Na chambo kisichoyumba huku kinavutwa kitakuwa na rangi ya kinyonga aliyelala. Kijaribu kwenye beseni kikiwa bado mti mtupu na risasi yake ya uzito ndani, kabla hujampa mtu yeyote sababu ya kukisifu.

Je, samaki wanaijali? Nitasema ninavyoona: rangi hii inanasa wavuvi kwanza. Inahitaji mwanga ili ifanye kazi, na mwanga hauteremki wote. Wekundu unapotea mita chache tu za mwanzo, hata kwenye maji maangavu, buluu ndiyo inayofika mbali. Kwenye maji ya tope hakuna kinachofika mbali. Mimi naitumia mchana, juu juu, maji yakiwa safi. Jioni au kwenye kina nachukua chambo cha rangi mbili zinazogombana, nyeusi na njano, sisumbuki.

Mwisho ni kufunika. Epoksi ya sehemu mbili inaleta ule uzito wa kioo, ila lazima chambo kizunguke hadi ishike. Kimoja nilikitundika kwa mkia nikaenda kulala, asubuhi puani pana tone gumu kama kokwa, na kikawa kinaogelea kwa ubavu. Angalia pia epoksi isiyo na kinga ya jua, huanza kuwa ya njano na buluu yako inageuka kijani cha majani makavu. Vanishi ya magari ya sehemu mbili ni ngumu kweli, lakini nyingi zina kemikali ziitwazo isosianati, ambazo huumiza mapafu, na barakoa ya kawaida haizizuii. Hizo nawaachia wenye vifaa.

Kabla ya kuchanganya chupa mpya na vanishi mpya, paka mgongo wa kijiko cha plastiki. Una mviringo wa ubavu wa chambo, na kama thina ya vanishi itaikunja rangi, utaona kwenye kijiko. Mimi nina vijiko kumi na tisa kwenye waya juu ya meza, vyote vimeandikwa nyuma kilichopakwa na mikono mingapi. Kila kijiko kiwe na tarehe pia, maana chambo kikikwaruzwa na meno huwezi kuziba kidonda peke yake, doa litaonekana. Itabidi uondoe rangi ya ubavu wote hadi kwenye weusi, na hapo ndipo utakapotaka kujua ulipiga mikono mitatu au minne.