Mji wa Ahmedabad: ni nini hasa kinachohifadhiwa?

SWALI: Nimesoma kwamba mji wa kale wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, ulikuwa wa kwanza nchini India kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia ukiwa mji mzima. Nasikia nyumba zake nyingi ni za mbao na zimechakaa. Je, kinachohifadhiwa ni majengo hayo, au kuna jambo jingine?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Mji huo, ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, uliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2017. Majengo yamo, na mengine ni ya ajabu: msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyeujenga kufikia mwaka 1573, una madirisha ya kimia cha mawe yaliyochongwa mfano wa mti unaotambaa. Lakini moyo wa mji, kwa maoni yangu, ni pol, yaani mitaa midogo yenye lango lake, ambamo nyumba za mbao za nakshi zimeshikana ukuta kwa ukuta na mapaa yake yanakaribiana. Ndiyo maana sikukuu ya Uttarayan, tarehe 14 Januari, huadhimishwa juu ya mapaa, jirani akishindana na jirani kukata uzi wa tiara ya mwenzake. Uzi huo hupakwa unga wa kioo na huwajeruhi ndege wengi, jambo linalonihuzunisha zaidi kwa kuwa wenyeji hao hao wamewajengea ndege minara ya kulia nafaka, iitwayo chabutro, ndani ya pol zao.

Ufundi ninaotamani ujulikane zaidi ni Mata ni Pachedi, yaani uchoraji wa vitambaa vya ibada. Watu wa jamii ya Vaghari, walipozuiwa kuingia mahekaluni, walimchora Mungu wa kike juu ya kitambaa cha pamba, wakakitundika, kikawa ndicho hekalu lao. Kitambaa hutiwa kwanza maji ya tunda la harde, kisha mistari myeusi huchorwa kwa kijiti cha mwanzi kilichochovywa katika maji ya chuma chenye kutu yaliyochachushwa pamoja na sukari guru. Sehemu zinazotakiwa kuwa nyekundu hupakwa shabu, chumvi inayoshikisha rangi, na wekundu wenyewe hujitokeza kitambaa kinapochemshwa katika rangi. Kabla ya kuchemshwa, ni lazima kisuuzwe katika maji yanayotiririka, kwa sababu maji yaliyotuama huacha rangi iliyozidi itue tena penye weupe na kuiharibu picha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayetaka kuuhifadhi ufundi huo hana budi kumwachia fundi njia ya kufika mtoni, kama vile anayetaka kuihifadhi Uttarayan anavyohitaji familia zinazoendelea kuishi chini ya mapaa yale.