Uhamishe Kwanza au Upandishe Toleo Kwanza?

Kijana mmoja wa Kolwezi ameniandikia: "Mkubwa, seva yetu imezeeka na MySQL, programu inayotunza data zetu, bado ni toleo la 5.7. Nihamishe kwanza ndipo nipandishe toleo, au vyote pamoja? Na nidai bei gani?"

Vyote pamoja, mdogo wangu, ila toa data kwenye faili la dump, yaani nakala ya data yote iliyoandikwa kama amri, uiingize upya ndani ya toleo jipya; mimi nilitumia 8.0. Usinakili folda ya data jinsi ilivyo kisha umwachie Mungu. Nasema kwa kifua: juzi nimemaliza kazi kama hiyo kwenye depo moja ya dawa hapa Lubumbashi, na Jumatatu asubuhi faktura zilitoka kama kawaida. Wateja wa komini za Kenya na Katuba, humu humu mjini, hawakujua kama kuna kilichohamishwa.

5.7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2023. Nilimweleza patroni, mwenye depo, akaniuliza kama mashine inawaka. Inawaka, ndiyo. Alikubali siku umeme ulipokatika katikati ya mauzo na jedwali moja la MyISAM, mtindo wa zamani wa kuhifadhi unaoharibika umeme ukikatika, likagoma kufunguka.

Nilianza na mazoezi kwenye seva mpya, ile ya zamani ikiendelea kuuza. Kufungua orodha ya dawa, nakuta Paracétamol imekuwa ParacÃ©tamol. Programu ya mauzo ilikuwa ikiandika herufi kwa mfumo wa UTF-8 ndani ya majedwali yaliyotangazwa kuwa ya mfumo wa zamani, latin1, na kwa kuwa ilisoma kwa njia ileile potofu, hakuna aliyeshtuka. mysqldump, amri inayotoa dump, ikiachwa yenyewe inazigeuza herufi hizo mara ya pili. Dawa yake: toa dump kwa --default-character-set=latin1 na --skip-set-charset, badilisha tangazo la majedwali ndani ya faili kuwa utf8mb4 (UTF-8 kamili ya MySQL), kisha ingiza kwa utf8mb4. Halafu ripoti ya wateja ikakataa, maana jedwali liliitwa groups, na 8.0 imelifanya neno hilo kuwa lake, neno la amri. Lazima ulifunge kwa alama za backtick (`). PHP ya zamani, lugha iliyoandikiwa programu ya mauzo, nayo ilizuiwa mlangoni: kwenye 8.0 mtumiaji mpya anapewa njia mpya ya kuhakiki nenosiri, caching_sha2_password, na PHP hiyo haiijui.

Yote hayo mchana, bila mtu kukupigia simu. Vijana wetu wanapenda sifa za usiku mmoja. Fanya mazoezi! Ukimaliza, rudia.

Siku yenyewe ni fupi: funga programu, toa, ingiza, linganisha idadi ya mistari na jumla ya faktura za mwezi. Seva ya zamani iache kwenye read_only, isomwe tu bila kuandikwa. Kisha mwite anayeshika stoo, achana na patroni. Mama wetu wa depo alitafuta dawa anazouza kila siku, akainuka kwenda kuhesabu maboksi kwenye rafu, akarudi akasema, "Iko sawa."

Patroni alimshukuru fundi wa jenereta. Mimi aliniambia, "Si umenakili faili tu?" na malipo yakaanza kuzungushwa. Kwa hiyo bei yako, mdogo wangu, iandike kabla hujagusa kitu: mazoezi yawe na mstari wake kwenye bei, nusu ilipwe mbele, na mkubaliane nani atalipia seva ya zamani wakati bado inawaka.